Logibuku ilisema saa 24.9, mtahini akahesabu 3.1: kisa cha mwalimu wa spoti na mwanafunzi wa cheti cha burudani

Mtahini hakuanza na ndege. Alianza na logibuku, daftari la kumbukumbu za saa za kuruka. Aliifungua ukurasa wa kwanza, akachukua penseli, akagawa karatasi mafungu matatu: saa za mafunzo, saa za kuruka peke yake, na saa zisizoingia kwenye hesabu. Alipofika ukurasa wa mwisho mtihani ulikuwa umeahirishwa, na hakuna swali hata moja lililokuwa limeulizwa. Mwanafunzi alifika akiamini ana saa 24.9 za mafunzo. Kwa cheti alichokuja kukitafuta, cha rubani wa burudani (recreational pilot), alikuwa nazo 3.1 tu.

Kisa hiki ni cha mfano. Wahusika, tarehe na saa tumeviunda ili hesabu ionekane wazi. Kanuni ni za kweli: ni za mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, Sehemu ya 61 inayohusu vyeti vya marubani na walimu wao, kama zilivyokuwa mwaka 2023. Hakuna aliyedanganya humu, na ndiyo sababu kinafaa kuchambuliwa. Kila mtu alikuwa na cheti halali, kila somo liliandikwa, kila saini ilikuwa mahali pake. Ila hakuna aliyeuliza mapema kama ruhusa ya mwalimu inaendana na cheti ambacho mwanafunzi anakitafuta.

Mambo yalivyokwenda

Mwanafunzi ana miaka 43. Alianza Januari 2023 kwenye uwanja mdogo usio na mnara wa kuongozea ndege, akijifunza kwa ndege nyepesi ya spoti ya viti viwili. Mwalimu wake ana cheti cha rubani binafsi pamoja na cheti cha ualimu chenye daraja la spoti. Lengo wakati huo lilikuwa cheti cha rubani wa spoti (sport pilot), kilicho chini ya cha burudani na cha binafsi, hivyo leseni ya kuendesha gari ilitosha kuwa uthibitisho wa afya. Machi alifaulu mtihani wa maandishi wa spoti. Mwezi huohuo akaruka peke yake safari ya vipande vitatu, maili za baharini 31, 27 na 23, akitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili njiani.

Aprili akabadili nia. Alitaka kurusha Cessna 172 yenye injini ya nguvu za farasi 160, ndege ambayo wakati ule rubani wa spoti hakuruhusiwa kuigusa. Uzito wake wa juu unapita mbali kikomo cha pauni 1,320 kilichowekewa ndege za spoti za nchi kavu. Rubani wa burudani anaruhusiwa: viti visivyozidi vinne, injini moja isiyozidi nguvu za farasi 180, magurudumu yasiyokunjwa, abiria mmoja tu. Akapimwa afya na kupata cheti cha daraja la tatu, akamwambia mwalimu wake lengo jipya. Mwalimu akakubali, wakahamia kwenye 172.

Katikati ya Mei mwalimu akamweleza kwamba saini ya mwisho ya kumpeleka kwenye mtihani itabidi itoke kwa mwalimu mwingine. Hilo mwalimu alilijua. Alichokosa kujua ni kwamba tatizo halikuanzia kwenye saini ya mwisho. Mwalimu wa pili, mwenye cheti kamili cha ualimu, alimsimamia kwenye mtihani wa maandishi wa burudani, akaruka naye saa 1.7 tarehe 27 Mei na saa 1.4 tarehe 3 Juni. Akaona kijana wa watu anaruka vizuri, akaangalia jumla ya saa, akatia saini. Mtihani ulipangwa tarehe 10 Juni.

Logibuku ilisomeka hivi:

- Mafunzo, ndege ya spoti, mwalimu wa spoti: 17.2
- Peke yake, ndege ya spoti: 5.4
- Mafunzo, Cessna 172, mwalimu wa spoti: 4.6
- Mafunzo, Cessna 172, mwalimu wa pili: 3.1
- Jumla: 30.3

Kanuni ya 61.99 inadai angalau saa 30 za kuruka. Ndani yake ziwemo saa 15 za mafunzo kutoka kwa mwalimu aliyeruhusiwa na saa 3 za kuruka peke yake. Ukisoma jumla peke yake, mwanafunzi amevuka kila mstari. Neno linaloangusha hesabu yote ni "aliyeruhusiwa".

Walimu wawili, vyeti viwili vya jina moja

Sehemu ya 61 ina walimu wa urubani wa aina mbili, na wote huitwa walimu wa urubani. Wa kwanza wako chini ya Sura H. Hawa wanafundisha cheti cha spoti, cha burudani, cha binafsi na vya juu zaidi kadiri ya madaraja yao. Wa pili wako chini ya Sura K, iliyokuja na kanuni za spoti za mwaka 2004, na hawa ni walimu wa spoti.

Mwalimu wa Sura H kwa upande wa ndege za mabawa lazima awe na miaka 18, awe na cheti cha rubani wa biashara au cha rubani wa shirika la ndege, chenye daraja la aina ya ndege anayofundishia, na awe na kibali cha kuruka kwa kutazama vyombo vya ndani ya ndege tu. Anafanya mtihani wa maandishi wa misingi ya kufundisha na mwingine wa maarifa ya ndege. Anapata idhini ya maandishi kwamba ana uwezo wa kufundisha stoli (bawa kupoteza nguvu ya kuinua ndege), kuingia kwenye spini (kuanguka kwa kuzunguka) na kutoka humo. Awe na saa 15 akiwa rubani mkuu katika aina na daraja la ndege anayoombea. Halafu mtihani wa kuruka. Ukikumbuka kwamba cheti cha biashara chenyewe kwa njia ya kawaida ya Sehemu ya 61 kinadai saa 250, unaona umbali wa safari hiyo.

Mwalimu wa Sura K naye lazima awe na miaka 18 na afaulu mtihani wa misingi ya kufundisha, lakini mlango wake ni mwepesi. Kwa ndege za mabawa, kanuni ya 61.411 inadai saa 150 za urubani. Kati yake 100 awe rubani mkuu kwenye chombo chenye injini, 50 ziwe kwenye ndege ya injini moja, 25 za safari za masafa (10 kati ya hizo kwenye ndege ya injini moja), na 15 awe rubani mkuu kwenye ndege ya spoti ya injini moja. Hahitaji cheti cha biashara wala kibali cha vyombo. Anaweza kuwa na cheti cha rubani wa spoti tu na akafundisha kihalali, akalipwa kihalali.

Hatusemi mwalimu wa Sura K ni mwalimu wa chini. Wapo wenye maelfu ya saa ambao kutua kwao na upepo wa ubavuni ni somo tosha. Ila ruhusa ya kufundisha haipimwi kwa ustadi, inapimwa kwa orodha. Orodha hiyo iko kwenye kanuni ya 61.413: anafundisha na kutoa idhini kwa mwanafunzi anayetafuta cheti cha spoti, kwa cheti cha spoti chenyewe, kwa haki za rubani wa spoti, kwa mapitio ya miezi 24 ya rubani wa spoti, kwa mwalimu mwingine wa spoti, na mambo mengine machache ya ukoo huohuo. Neno "burudani" halimo. Basi tangu siku mwanafunzi alipotamka lengo jipya mwezi Aprili, mwalimu wake wa kwanza hakuwa tena mwalimu aliyeruhusiwa kwa lengo hilo, hata kama angebaki kwenye ndege ileile na kufundisha somo lilelile.

Kwa nini mwalimu wa pili hakuliona hili? Kwa sababu logibuku haisemi. Kanuni ya 61.51 inataka kila somo liwe na maelezo ya kilichofundishwa, urefu wa somo, saini ya mwalimu, namba ya cheti chake na tarehe cheti kinapoisha. Daraja la mwalimu halitakiwi kuandikwa. Mstari wa mwalimu wa spoti na mstari wa mwalimu wa Sura H unaweza kufanana kama mapacha.

Dalili zipo, lakini ziko nyuma ya kitabu, kwenye kurasa za idhini. Idhini ya mtihani wa maandishi wa spoti hutaja kanuni ya 61.309. Ya burudani hutaja 61.96 na 61.97. Mtahini wetu aliiona 61.309 imeandikwa kwa wino wa bluu, saini ikiwa ya mkono uleule uliosaini masomo ya 172 kurasa tatu mbele. Hapo ndipo penseli ilipoanza kazi. Mwalimu wa pili angeweza kufanya hivyohivyo wiki mbili kabla, au kumtafuta mwenzake kwenye orodha ya wazi ya marubani ya FAA mtandaoni, ambayo inaonyesha daraja la kila cheti. Ni kazi ya dakika tano.

Saa 17.2: halali, lakini mlango umefungwa kwa ufunguo mmoja

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, tena pande zote mbili. Zamani saa za mwalimu wa spoti hazikuhesabiwa kabisa kwa cheti cha juu. Mwaka 2018 FAA ilibadili hilo. Wapo walimu wanaoshikilia jibu la zamani na kumwambia mwanafunzi aanze upya. Wapo waliosikia nusu ya habari mpya na kumwambia saa zote zinahesabika. Wote wawili wanakosea.

Fungu (b) la kanuni ya 61.99 linaanza na maneno haya kwa maana yake: mwenye cheti cha rubani wa spoti anaweza kuhesabu mafunzo aliyoyapata kwa mwalimu wa spoti. *Mwenye cheti*, siyo mwanafunzi aliyekuwa njiani kwenda kukipata. Baada ya hapo yanafuata masharti: mafunzo yawe kwenye aina na daraja lilelile la ndege, mwalimu awe aliruhusiwa kuyatoa, na yawe yamegusa maeneo ya kazi yanayotakiwa na vyeti vyote viwili. Sharti la mwisho halina shida hapa. Orodha ya spoti ya 61.311 na ya burudani ya 61.98 kwa ndege za mabawa zinakaribia kuwa nakala: maandalizi ya safari, shughuli za uwanjani, kuruka, kutua na kughairi kutua, mazoezi ya kufuata alama za ardhini, uongozaji njia, mwendo wa polepole, stoli, dharura.

Kwa usomaji wetu, sharti la cheti lina mantiki. Aliyefaulu mtihani wa spoti amekwisha kupimwa na mtu wa tatu. Mafunzo yake yamethibitishwa na mtu ambaye hakuyatoa. Aliyeruka hatua hiyo hana uthibitisho huo.

Mwanafunzi wetu aliacha spoti akiwa amebakiza hatua chache, kwa hiyo saa 17.2 zikabaki nje ya mlango. Hazikupotea. Zinasubiri cheti.

Saa 4.6: hizi zimekwenda

Saa za kwenye 172 ni jambo jingine kabisa, na ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Mwalimu alikuwa na cheti cha rubani binafsi, hivyo kuwepo kwake kitini kama rubani mkuu kulikuwa halali. Angekuwa na cheti cha spoti tu, ndege ile ingekuwa angani bila rubani mkuu hata mmoja wa kisheria, na neno hilo ni zito mbele ya kampuni ya bima kuliko mbele ya FAA.

Lakini kufundisha kwa ajili ya cheti cha burudani hakukuwa ndani ya ruhusa yake. Kwa hiyo si mafunzo. Mwanafunzi hawezi pia kuziandika kama saa za rubani mkuu, kwa sababu mwanafunzi huandika hivyo akiwa peke yake ndani ya ndege na ana idhini ya kuruka peke yake. Hazina safu ya kukaa. Na kama mwalimu alilipwa, swali linageuka upande wake: rubani binafsi haruhusiwi kurusha ndege kwa malipo, na kinga ya ualimu hakuwa nayo kwenye safari hizo.

Cha kufanya kwenye logibuku ni kuacha mistari ilivyo, kupiga mstari mmoja juu ya tarakimu za safu ya mafunzo ili zisomeke bado, na kuandika kando kwamba zimeondolewa kwenye hesabu ya mafunzo, tarehe na saini. Usifute. Usichane ukurasa. Usimwombe mwalimu wa pili "azisaini upya" masomo ambayo hakuyatoa. Kanuni ya 61.59 inahusu maandishi ya uongo kwenye kumbukumbu za urubani, na adhabu yake inaweza kufika hadi kunyang'anywa cheti. Kosa la ruhusa linarekebishika. Kosa la kughushi linaua kazi ya mtu.

Mwalimu naye anayo njia ya uungwana. Ripoti ya usalama inayopelekwa NASA kupitia mfumo wa ASRS ndani ya siku 10 tangu kosa au tangu alipolitambua inaweza kumwondolea adhabu kwa kosa ambalo si la makusudi, hata kama ukiukaji utathibitishwa. Siku 10 hupita haraka mtu akikaa anajilaumu.

Njia mbili za kutoka

Njia ya kwanza ni kukaa na mwalimu wa Sura H mpaka saa 15 zitimie. Zimebaki 11.9. Ndani yake zitaingia safari ya masafa na maandalizi ya mtihani. Ni njia iliyonyooka, na kwa mtu ambaye masomo yake ya mwanzo yalikuwa hafifu tungeipendekeza bila kusita.

Njia ya pili ni kumaliza kwanza cheti cha spoti. Tazama alichonacho dhidi ya kanuni ya 61.313: saa 20 za kuruka (ana 22.6 kwenye ndege ya spoti), 15 za mafunzo (ana 17.2), 5 za peke yake (ana 5.4), 2 za safari ya masafa na mwalimu (ana 2.4), safari ya peke yake ya angalau maili 75 za baharini yenye kutua kabisa sehemu mbili na kipande kimoja cha maili 25 au zaidi (aliruka maili 81), kuruka na kutua mara 10 kwa kusimama kabisa (amezidi). Ndege yake ina mwendo wa juu unaozidi noti 87 (maili za baharini kwa saa), kwa hiyo kabla ya safari ile ya peke yake alitakiwa kufundishwa kuitawala ndege kwa kutazama vyombo tu. Mwalimu wa spoti hutoa somo hilo akiwa na idhini maalumu ya 61.412. Wa kwetu alikuwa nayo, na iko kwenye maandishi. Bila hiyo, safari nzima ya Machi ingekuwa na doa.

Kinachokosekana ni saa 2 za maandalizi ya mtihani ndani ya miezi miwili ya kalenda iliyotangulia mwezi wa mtihani. Somo lake la mwisho kwenye ndege ya spoti lilikuwa Machi. Anazipata kwa mwalimu yeyote kati ya hawa wawili, anafanya mtihani wa spoti tarehe 15 Julai, na mlango wa 61.99(b) unafunguka. Saa 17.2 zinaingia, na hizo 2.0 nazo.

Usikimbilie hapo kupanga tarehe ya burudani, kuna mitego miwili midogo.

Wa kwanza ni safari ya masafa. Kanuni ya burudani inataka saa 2 za mafunzo kuelekea uwanja ulio zaidi ya maili 25 za baharini, *na* kuruka mara tatu na kutua mara tatu kwenye uwanja huo. Logibuku inaonyesha saa 2.4 kwenda uwanja wa maili 31, lakini safu ya kutua ina tarakimu moja tu: 1. Spoti haikudai tatu, kwa hiyo mwalimu hakuwa na sababu ya kuzifanya. Safari inarudiwa na mwalimu wa Sura H. Kwenda, mizunguko mitatu, kurudi, saa 1.3 inatosha.

Wa pili ni kalenda. Maandalizi ya burudani ni saa 3 ndani ya miezi miwili ya kalenda kabla ya mwezi wa mtihani. Mtihani ukiwa Agosti 12, dirisha linaanza Juni 1. Saa 1.4 za tarehe 3 Juni zimo. Saa 1.7 za tarehe 27 Mei zimetoka nje kwa siku tano, japo zinabaki halali kama mafunzo ya kawaida. Anahitaji 1.6 nyingine. Mtihani ukisogea hadi Septemba, hata zile za Juni zinatoka, naye anaanza tatu mpya.

Jumla ya njia ya pili ni saa 2.0, 1.3 na 1.6, yaani 4.9, pamoja na mtihani mmoja wa ziada. Jumla kuu, bila kuzigusa zile 4.6 za kwenye 172, inafika 30.6. Njia ya kwanza ni saa 11.9. Kwa mwanafunzi huyu tungechagua ya pili, si kwa sababu ya saa pekee. Akishapata spoti mwezi Julai ana cheti mkononi, anaweza kubeba abiria mmoja kwenye ndege aliyoizoea, na ikitokea jambo lolote kabla ya Agosti hajarudi mikono mitupu.

Afya: hatua ambayo ingeweza kumgharimu vyote

Huyu alipimwa Aprili na kufaulu, hivyo haikuleta shida. Lakini mpangilio wake ulikuwa wa hatari. Mwanafunzi wa spoti anaruka kwa leseni ya gari, kwa sharti kwamba, kama amewahi kuomba cheti cha afya, ombi lake la mwisho lilimkuta anafaa. Ombi likikataliwa, leseni ya gari haimfai tena, na milango yote miwili inafungwa siku moja. Mwanafunzi wa burudani kwa upande wake lazima awe na cheti cha daraja la tatu kabla ya kuruka peke yake kwa lengo hilo. Utaratibu wa BasicMed, unaomruhusu rubani kuruka bila cheti cha afya cha FAA, haumsaidii mgeni, kwa kuwa unadai mtu awe aliwahi kuwa na cheti cha afya kilichokuwa hai baada ya Julai 14, 2006.

Kwa hiyo mwenye historia ya ugonjwa azungumze na daktari wa anga kwa mashauriano kabla ya kujaza fomu yoyote. Hili si shauri la kuficha ugonjwa. Kanuni ya 61.53 inamkataza rubani kuruka akijua ana hali inayomzuia, awe na cheti gani. Ni shauri la kutojaza fomu kabla ya kujua jibu lake litakuwa nini.

Kilichobadilika baada ya hapo

Mabadiliko mawili yanagusa kisa hiki kikisomwa leo. Tangu Desemba 1, 2024 vyeti vya ualimu vinavyotolewa havina tena tarehe ya kuisha. Badala yake mwalimu anatakiwa kutimiza masharti ya uzoefu wa karibuni kila miezi 24 ya kalenda, na anayemkagua anatazama tarehe ya mwisho ya kipindi hicho. Na tangu Oktoba 22, 2025 kikomo cha uzito kwa rubani wa spoti kimeondolewa, mahali pake pakawekwa mwendo wa stoli usiozidi noti 59 bila flapu (vibawa vya kuongeza nguvu ya kuinua ndege). Ndege nyingi za viti vinne zimeingia humo, 172 ikiwemo. Mwenye hamu kama ya mwanafunzi wetu leo huenda asihitaji cheti cha burudani kabisa, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo mwalimu amuulize kabla ya kubadili mpango.

Akiendelea kukitaka, kazi ya mwalimu haiishii kwenye mtihani. Chini ya kanuni ya 61.101 rubani wa burudani haondoki hata ndani ya maili 50 za baharini kutoka uwanja wake bila idhini ya mwalimu inayothibitisha kwamba amefundishwa taratibu za uwanja huo na mazingira yake, na idhini hiyo lazima awe nayo ndani ya ndege. Kupita maili 50 kunadai mafunzo na idhini nyingine. Uwanja wenye mnara, nyingine tena. Asipokuwa na saa 400 na asiporuka kama rubani mkuu kwa siku 180, anarudi kwa mwalimu kupata mafunzo na idhini kabla ya kuruka tena kama rubani mkuu, hata akiwa peke yake. Akihamia mji mwingine na kuanza kuruka kutoka uwanja mpya, ukurasa wa idhini unaanza upya, na mwalimu wa spoti wa uwanja huo, hata awe jirani mwema kiasi gani, hawezi kuusaini.